Baba Amekalia Kiti cha Babu

Siku ya Akina Baba ya mwezi Juni ikikaribia, simu zetu hujaa baba. Kijana wa miaka kumi na tisa anavaa bukta ya baba yake, singlendi iliyopauka na ndala za uani, anafunga mikono nyuma, anakohoa mara mbili mlangoni, kisha anauliza swali ambalo kila nyumba inalijua: "Mama yenu yuko wapi?" Mwingine anaigiza mzee aliyelala mbele ya televisheni, mdomo wazi, anakoroma, mtu akigusa tu rimoti, sauti inatoka usingizini: "Rudisha, naangalia." Wa tatu anaomba elfu moja, na baba anashtuka: "Mia tano? Mia tatu ya kufanyia nini?" Kuna jipya pia, ambalo miaka kumi iliyopita ungelitafuta bila kuliona. Baba mwenyewe yumo kwenye video, anacheka, na pengine ndiye aliyeshika simu.

Baada ya video huja malumbano. Upande mmoja, wale wa redio za asubuhi na vijiwe vya kahawa, wanasema heshima imekwisha: baba amegeuzwa katuni, na mtoto anayemcheka baba leo kesho atampiga. Upande wa pili unashangilia: hatimaye tumepata baba wa kisasa, aliyetoka kwenye ukali wa kale, rafiki wa watoto wake kama kwenye filamu za wazungu. Ukiwasikiliza kwa haraka utadhani hawa na wale hawaelewani kwa lolote. Kwa maoni yangu wamekosea wote, na kosa lao ni moja. Wanadhani mtu mzima kutaniana na mtoto nyumbani ni jambo geni lililoingia juzi kwa njia ya bando. Utani ulikuwamo nyumbani siku zote, una kiti chake na mwenye kiti alijulikana: alikuwa babu. Kilichotokea ni kwamba babu hayupo sebuleni, kiti kimebaki wazi, na baba, bila mtu yeyote kumteua, amejikuta amekikalia. Hapo ndipo pa kujadili: kukaa kwake hapo kunampa nini, na kunamgharimu nani.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili hakikuchanganya mambo haya. Tuna mzaha na masihara, tuna dhihaka, kejeli na dharau, halafu tuna utani, ambao ni kitu kingine kabisa. Utani una wanachama. Mnyamwezi ana utani na Mzaramo, Mhehe na Mgogo, na hakuna anayeamka asubuhi akajiteua kuwa mtani wa mtu. Mtani anaweza kuja msibani akaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe, akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Jambo hili liliwashangaza wageni kiasi kwamba miongoni mwa waliolichunguza mapema hapa Tanganyika, miaka ya 1940, alikuwamo Reginald Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege pale Amani, milima ya Usambara. Aliacha ndege kidogo akaandika kuhusu watani. Katika miaka hiyohiyo mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown alieleza utani kuwa ruhusa ya kukosa adabu kwa mtu ambaye hatakiwi kuudhika, na akaonyesha kwamba ruhusa hiyo hutolewa pale ambapo watu wana uhusiano wa karibu lakini pia wana sababu ya kukwaruzana.

Ndani ya ukoo ruhusa hiyo ilikuwa ya babu, bibi na wajukuu, pamoja na mashemeji. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na kumlalamikia kwamba chakula cha jana hakikuwa na chumvi. Wa kiume humwita mume mwenza, anamtishia kumnyang'anya bibi. Mjukuu naye anajibu, tena anajibu vibaya, na watu wazima wanaangua kicheko. Baba hakuwa kwenye orodha hiyo, na sababu yake ina akili. Babu alikuwa amestaafu kutawala. Hakuwa yeye anayemtuma mtoto kuchunga mbuzi wala anayemwadhibu kwa kuwapoteza. Mwenye amri za kila siku ni vigumu kutaniwa, kwa sababu mzaha wa asubuhi utaharibu amri ya jioni. Kwa hiyo nyumba iligawana kazi: baba alishika amri, babu akashika kicheko, na mtoto alikuwa na mlango wa kutokea kila upande.

Kuna hata daraja lililowekwa katikati, nalo limo kwenye majina. Mtoto wa kiume akipewa jina la babu yake, baba humwita "baba". Siyo kwa kubembeleza tu. Ni kwa haki ya jina. Mwanangu wa kwanza ana jina la marehemu baba yangu, na mwaka juzi, akiwa na miaka sita, nilimwambia: "Baba, nenda ukaoge." Akanitazama kwa utulivu wa mtu aliyelifikiria jambo kwa muda. "Mimi si baba yako? Baba ndiye anamwambia mtoto akaoge. Nenda wewe." Nilikwenda. Kusema kweli, nilikuwa nahitaji.

Sasa, kiti kilibakije wazi? Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta mjini Dar es Salaam watu wasiofika laki tatu. Ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya milioni 5.3. Wengi walikuja wakiwa vijana, wakaoa, wakapanga vyumba viwili Mbagala, Tandale au Gongo la Mboto, na wazee wakabaki Songea, Kigoma, Kahama. Babu yupo, lakini yupo kwenye simu, na utani wa babu haukutengenezwa kwa ajili ya simu. Unahitaji alasiri nzima, benchi, muhogo wa kuchoma, na mtu asiye na haraka. Ukimpa mtoto simu aongee na babu kwa dakika mbili, watasalimiana, ataulizwa anasoma darasa la ngapi, kisha kimya. Hawajachokana, hawajapata muda wa kugombana kidogo, na bila ugomvi mdogo hakuna utani.

Lakini kabla ya kumsikitikia baba aliyelazimika kucheka, tumwangalie huyu baba mkali tunayemlilia. Alitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwenye mgawanyo wa kazi niliousema, na sitaki kudai kwamba ukali uliletwa na meli. Hata hivyo, sehemu kubwa ya sura yake, ule ugeni, ule ukimya, ile heshima inayofanana na woga, ilichongwa na kazi ya mshahara. Wanaume kutoka Kigoma, Songea na Ubena walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kwa mikataba, wakapewa namba, na kwa namba hizo wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi maalumu ya kuwakusanya, SILABU, na magari na treni zikawasomba. Nairobi, landhi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi wake, zilijengwa kwa hesabu ya mwanamume mmoja na kitanda chake; mke na watoto hawakuwamo kwenye ramani. Baba wa namna hiyo alirudi na kanga, sukari na baiskeli, akakaa wiki kadhaa, akasikiliza mashitaka yaliyolimbikizwa, akatoa adhabu, akaondoka. Mtu anayerudi nyumbani mara moja kwa mwaka hana muda wa kujulikana; ana muda wa kuogopwa tu. Watoto wake wakawa walimu na makarani, na nyumbani kwao wakaendeleza walichokijua, hata kama ofisi ilikuwa mtaa wa pili.

Ndiyo maana nawaomba wanaoogopa video hizi waangalie kinachochekwa. Hakuna anayecheka kilema cha baba wala umaskini wa ukoo. Wanacheka vitu vinne vitano vilevile: pochi, taa, usingizi, rimoti, na ile safari ya kwenda shule kwa miguu ambayo ilikuwa kilomita tano nikiwa darasa la tatu na sasa, nikiwasimulia wanangu, imefika kumi na mbili na mto wenye mamba. Wanacheka baba anayezima taa chumba hadi chumba akiuliza kama yeye ni mtoto wa TANESCO. (Hoja hiyo imeanza kuchakaa. Mtoto wa siku hizi anakujibu kwamba Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, na wewe huna la kusema isipokuwa kwamba LUKU hainunuliwi kwa megawati.) Ukivipanga vitu hivyo pamoja unapata picha ya mtu aliyechoka, mwenye fedha kidogo kuliko mahitaji, anayejaribu kuonekana kwamba mambo yapo chini ya mikono yake. Kijana anayeweza kumwigiza baba akihesabu noti huku ameipa sebule mgongo, analamba kidole, anarudisha moja mfukoni, ni kijana aliyekaa akamtazama baba huyo kwa miaka. Huwezi kumwigiza usiyemjua. Watoto wa manamba wangeigiza nini? Baiskeli?

Na baba naye ana silaha zake, ambazo zinastahili heshima zaidi ya zinayopata. Namaanisha vichekesho vibovu, vile vya kuchezea maneno. Mtoto anasema, "Kaa hapa, baba," na baba anauliza, "Kaa wa Feri au kaa la mkaa?" Mama anaomba mbuzi ya nazi, na baba anatoka nje kuita "mee". Mara ya kwanza mtoto anacheka mpaka anakaa chini. Mara ya sita anaguna na kugeuza macho, na hapo ndipo baba anafurahi kweli, kwa sababu sasa mzaha umehama kutoka kwenye neno umeingia kwenye uhusiano: mimi najua utasema nini, na wewe unajua kwamba najua, na utasema tu. Pembeni niseme kwamba mtoto aliyelelewa na "kaa wa" na "kaa la" hapati shida ya ngeli. Wapo walimu wenye shahada ambao hawajafikia matokeo hayo.

Nirudi kwa wapinzani. Hoja yao dhaifu kuliko zote ndiyo wanayoipenda kuliko zote: kwamba baba kucheka na watoto si utamaduni wetu. Wetu nani? Kwa Waluguru, Wamakonde, Wayao na Wamwera, watu wanaofuata ukoo wa mama, mwenye kauli nzito juu ya mtoto alikuwa mjomba, na baba aliweza kuwa mpole bila dunia kuanguka. Kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaume hubeba watoto, huwalisha na kucheza nao kambini mchana kweupe. Na hapohapo bondeni, majirani zao Wadatoga, wafugaji, malezi ya mtoto mdogo huonekana kazi ya wanawake. Watu wanaochota maji bonde moja, tabia mbili. Ukienda msitu wa Kongo na Afrika ya Kati utawakuta Waaka, ambao mwanaanthropolojia Barry Hewlett aliwapima saa kwa saa, akakuta baba yuko jirani na mtoto wake mchanga, umbali wa kunyoosha mkono, karibu nusu ya siku. Kwa hiyo anayesema "Mwafrika hachekeani na mtoto wake" anachukua tabia ya kwao, au ya babu yake mmoja, anaivika bara zima.

Wengine wanakimbilia dini. Nao pia wanasoma nusu. "Waheshimu baba yako na mama yako" tunaisikia kila mahubiri ya vijana, lakini Paulo alipowaandikia Wakolosai aliwageukia akina baba: wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Na katika Hadithi za Mtume Muhammad, Aqra bin Habis alijisifu kwamba ana watoto kumi na hajawahi kumbusu hata mmoja. Alidhani anatangaza uanaume. Jibu alilopewa ni kwamba asiyehurumia hatahurumiwa. Huyo Aqra, naona, ana wajukuu wengi kwenye vijiwe vyetu.

Halafu inakuja kauli ya "sisi tulichapwa na tumekuwa watu." Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Tumekuwa watu, ndiyo, lakini kwa hesabu hiyo tuliochapwa ni wengi mno, waliofaulu na walioshindwa, kwa hiyo fimbo haiwezi kujipa sifa ya waliofaulu peke yao. Hata methali zetu zinasema mengi kwa kunyamaza: "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Mamaye. Baba katika methali hiyo yuko Tanga, anakata mkonge.

Hizo ndizo hoja nyepesi. Nzito zipo, na mimi zinaninyima raha. "Ukicheka na nyani utavuna mabua," wazee walisema, na "mzaha mzaha hutumbua usaha." Sidhani walikuwa wanakataza kicheko, walikuwa wanaulizia uzio wake. Utani wa asili ulikuwa na uzio: nani na nani, wapi, kuhusu nini, na juu ya yote, kila anayetania lazima akubali kutaniwa. Ukiondoa hilo la mwisho unabaki na kejeli. Baba anayemwambia binti yake mbele ya wageni kwamba kwa unene huo ataolewa na lori hajatania. Amempiga kwa njia isiyoacha alama, kwa kuwa binti hana ruhusa ya kujibu kuhusu kitambi kilichoketi mbele yake. Kipimo ninachokitumia ni hicho tu: je, mtoto anaweza kurudisha? Kama angerudisha angechapwa, basi tusikiite utani.

Kamera ndiyo iliyovunja uzio huo kuliko kitu kingine chochote. Utani wa babu uliishia uani. Waliousikia walikuwa wanandugu, na kesho yake walikuwa wamesahau nusu. Leo baba anamtisha mtoto wa miaka minne kwa kinyago, mtoto analia mpaka anakosa pumzi, na watu laki mbili wasiomjua wanacheka. Mtoto huyo ataingia sekondari na kilio chake kikiwa mfukoni mwa wenzake. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2022, Kenya tangu 2019, lakini mashitaka yapi ataleta mtoto dhidi ya baba yake, na nani atamlipia nauli ya kwenda kushitaki? Hapa nawapa wapinzani pointi zao zote. Kijana mkubwa akimwigiza baba, na baba akiwa kando anacheka, wote wawili wana mdomo. Mtoto wa miaka minne hana.

Wapo pia wanaosema kwamba baba wa kwenye video ni mhusika wa kuigiza tu, ameigwa kutoka kwa wachekeshaji wa Nigeria na Kenya, na kwamba hata kijana ambaye baba yake aliondoka zamani anavaa singlendi hiyohiyo. Ni kweli, na mtu asichukue video moja kama ushahidi wa nyumba moja. Lakini mhusika anayechekesha nchi nzima ni mhusika ambaye nchi nzima imemwona mahali. Yule wa miaka ya nyuma, kwenye michezo ya redio na maigizo ya shule, alikuwa baba mlevi au baba mwenye bakora. Huyu wa sasa ni baba anayesinzia sebuleni, na ili mtu asinzie sebuleni kwake, sharti kwanza awepo.

Pingamizi kubwa kuliko yote sijalisikia likisemwa redioni; nililisikia jikoni. Ikiwa baba amekwenda kukaa kwenye kiti cha babu, kile cha kwake amemwachia nani? Jibu limefunga kanga kiunoni. Mama ndiye anayekagua madaftari, anayejua tarehe ya kliniki, anayegombana kuhusu mswaki, anayekataa kununua soda. Baba anaingia saa moja jioni na mzaha wa kaa la mkaa, watoto wanamrukia, na mama anaonekana polisi ndani ya nyumba aliyoisimamia tangu alfajiri. Babu halisi alikuwa na haki ya kuchekesha tu kwa sababu alikwishalipa zamu yake; alilea wa kwake. Baba wa leo anataka pensheni kabla ya kufanya kazi. Nimewahi kuambiwa maneno haya kwa ukali kidogo zaidi ya ninavyoyaandika, na niliyeambiwa nilistahili.

Kwa hiyo dai langu kwamba utani wa baba si dharau lina sharti: akalie viti vyote viwili. Inawezekana, na nyumba nyingi zinafanya bila kutoa mafunzo. Watoto wanajua kiti kipi kimekaliwa kwa wakati gani. Wanajua kwa sauti, na wanajua kwa jina: ukiitwa "baba" au "mzee", mambo ni mazuri, ukiitwa majina matatu kamili kama kwenye cheti cha kuzaliwa, mahakama imeanza. Hata msamiati wa vijana umefuata mabadiliko haya. Mshua na dingi yalikuwa majina ya mgongoni, ya kusemwa kona ya mtaa baba akiwa mbali. Leo mtoto anasema "mshua, niachie buku" usoni pa mshua, na mshua anajibu, na siku ya ripoti ya shule anabaki baba.

Hiyo ripoti ndiyo inayoonyesha baba anapata nini. Tunapozungumzia malipo ya ubaba tunakimbilia mahafali, mahari, nyumba ambayo mwanao atakujengea kijijini, mambo yanayokuja mara moja, kama yanakuja. Ya kila siku ni madogo mno kuyatolea hotuba. Mtoto aliyezoea kukutania anao mlango wa kuingilia anapokuwa na jambo zito. Anakuja na kuuliza, "Baba, una presha?" Unasema huna. "Basi soma hii." Ndani mna 18 ya hisabati. Mtoto wa baba wa kuogopwa angeificha karatasi hiyo chini ya godoro, na baba angejua Novemba. Na kama leo ni hisabati, kesho ni mwalimu anayemshika vibaya, au konda anayemsubiri kituoni. Mambo ya namna hiyo hayafiki kwa baba ambaye hata njaa ya mtoto humfikia kwa kupitia mama.

Mwili wenyewe unaonekana kuyajua hayo. Mwaka 2009 mwanaanthropolojia Martin Muller na wenzake walichapisha vipimo vya testosteroni, homoni ya kiume, walivyochukua kwa Wahadzabe na Wadatoga, wale majirani wa Eyasi niliowataja. Kwa Wahadzabe, wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, tofauti hiyo haikuonekana. Kuzaa peke yake hakukuwa na dalili ya kubadili kitu. Kushika, kulisha na kucheza ndiko kulikoendana na mabadiliko. Mtu anaweza kusoma matokeo hayo akaogopa kwamba mtoto atampunguzia uanaume. Mimi nayasoma kwamba mwanamume aliyembeba mtoto shingoni hafanyi kazi ya kuazima.

Basi kama tunataka baba aliyekalia viti viwili, swali halipo kwenye maadili wala kwenye video. Lipo kwenye saa. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006, inampa baba mwajiriwa siku 4 mtoto akizaliwa. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, inampa wiki mbili. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inaanzia siku 3, na sharti azichukue ndani ya siku 7 za kwanza. Hao ni wenye ajira. Bodaboda, machinga, mvuvi na fundi hawana hata hiyo siku moja. Asipotoka leo, leo hakuliwi. Wanaolalamika kwamba baba wamepoteza mamlaka nyumbani sijawasikia wakidai siku ya 4, wala wakiuliza kwa nini mtu anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta aondoke watoto wamelala na kurudi watoto wamelala.

Nina jirani dereva wa daladala, anayetoka saa kumi alfajiri na kurudi saa nne usiku. Ana binti wa miaka saba. Kila usiku, kabla ya kulala, binti huyo anaficha ndala moja ya baba yake: juu ya kabati, ndani ya ndoo, siku moja kwenye sufuria la ubwabwa. Baba akirudi hawezi kwenda kuoga, inabidi amwamshe kumuuliza iko wapi. Mama yake anasema ni utundu tu, na mwezi uliopita alinunua jozi ya pili. Sasa zinapotea ndala mbili.